Umewasha?

Ndilo swali la kwanza la Kadyrbek fundi,
kabla ya salamu, kabla hajavua glovu ya pili.
Kidole chake kilishachovya tangini
kikatoka na utelezi.

Nimewasha, nikasema.
Nimewasha na nimekwenda nalo,
kutoka Naryn mjini hadi daraja la pili,
hita ikitupulizia baridi usoni
na mshale wa joto ukipanda kama mtu aliyetukanwa.

Akafumba macho kidogo,
kama anayehesabu deni la mwenzake.

Kulikuwa bado kiza, Kadyrbek.
Baridi ile ya kukwaruza ndani ya pua.
Tochi nimeiuma kwa meno, maana mikono ni miwili tu,
na Audi hii imenizidi umri.
Dumu lilikuwa palepale, kwenye rafu ya mume wangu,
limeandikwa kulanti, limechorwa chembe ya theluji,
na kilichokuwa ndani ni chekundu.
Kulanti yetu nyekundu.
Mafuta ya gia nayo mekundu.
Nani aliyewapangia rangi watu hawa?

Kiliingia polepole mno. Hapo ndipo ningeshtuka.
Maji huanguka. Hiki kilishuka,
kimya,
kama mgeni anayejua njia.

Ulan yuko Yekaterinburg, anapiga plasta kuta za watu.
Nilipompigia akauliza: umewasha?
Kaka yake akapiga kutoka Bishkek: eti, umewasha?
Adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na neno moja,
na mimi ni mkamwana, mkamwana hajibu,
mkamwana humimina chai nusu kikombe
ili apate kumimina tena.
Miaka minne namimina katika nyumba hii.
Sijamwaga tone.

Fungua mpira wa chini, akasema Kadyrbek.
Kilichotoka si maji, si mafuta:
uji wa waridi, mzito, unaodondoka kwa kusitasita.
Basi sabuni ya vyombo, maji ya moto,
washa, ngoja, zima, mwaga.
Tena.
Mara ya tatu ikawa supu.
Mara ya tano maji, lakini yenye macho ya mafuta juu,
yananitazama kama mchuzi wa kondoo.
Uani pakaota barafu ya waridi, na kuku wakaizunguka.
Mipira ya rejeta imevimba, laini kama shavu la kichanga;
hiyo yote itabadilishwa. Gasketi huenda ikapona.
Na pampu? Tutaona.
Nimejifunza leo kwamba tutaona ni bei.

Mara ya sita akatoka mama mkwe.
Ni magoti yake tuliyokuwa tunayapeleka hospitali.
Tangu darajani hakuwa ametamka kitu,
nami niliusoma ukimya ule kwa herufi zangu mwenyewe.
Akanitoa birika mkononi.
Akaliinamia tangi, mvuke ukamfunika kilemba.

Kopo la Ulan lilikuwa linavuja,
akasema, akiiambia injini.
Wakati wa vuli. Lilichafua zulia.
Nikatafuta dumu tupu.

Kadyrbek akaanza kutafuta spana
iliyokuwa mfukoni mwake.

Sikusema kitu. Nilishika tochi,
safari hii kwa mkono.
Akamimina taratibu, mama Batma, mpaka alama ya juu,
akafunga kifuniko, akakifungua, akanusa, akakifunga.

Usiku Ulan akapiga tena.
Sauti yake ilikuwa na vumbi la plasta.
Hivi ilikuwaje hasa? Nani alikosea?
Kaka naye anataka kujua.
Dumu, nikamwambia.
Dumu gani lenye akili ya kukosea?
Lile lenye theluji, nikasema. Lilale nje leo.

Mama mkwe alikuwa ameshaivuta buli upande wake.
Akajaza vikombe vya watoto.
Kisha changu, bila kuniangalia,
nusu.