Hesabu ya Amperi

Famau alikuja na boksi mapajani,
amplifaya ya wati elfu, ingali na nailoni yake.
"Nyevu, nifungie leo leo.
Yule wa Muyeye akipita na tangazo, vikombe vinacheza kabatini.
Mimi nikipita, kuku hata hawageuki."

Nikafungua boneti ya Probox.
Chumvi ya Malindi imeshakula vichwa vya betri,
imeacha unga wa kijani.
Nikasugua kwa maji ya magadi, nikachomeka mita.
Gari limezimwa: kumi na mbili nukta nne.
Limewaka: kumi na nne kasoro.
"Si mgonjwa," nikamwambia. "Lakini si tajiri."

Sikiliza, bwana.
Altaneta ndiyo mshahara. Betri ni akiba ya kibubu.
Watu hudhani betri ndiyo inayolisha nyumba,
kumbe nayo inangoja mwisho wa mwezi kama sisi.
Mshahara wako ni amperi sabini,
na hizo ni za barabara ya Mombasa, injini ikikimbia.
Tangazo lako wewe ni la mwendo wa kobe,
Maweni, Shela, vichochoro vya Barani, mguu juu ya breki.
Hapo zinabaki thelathini na kitu.
Toa taa. Toa feni.
Toa pampu ya mafuta, isiyopiga kelele lakini hailali njaa.
Halafu mgeni wako anaketi mkekani
anaomba tisini.

Nikaiandika kwa chaki kwenye tairi kuukuu.
Akaitazama kama mtu anayetazama
picha yake ya kitambulisho.

"Na nikiongeza kapasita?"
Kapasita ni kikombe, Famau.
Kikombe hakiongezi maji kisimani.

Akaondoka na boksi lake.

Alhamisi, saa nne asubuhi,
vijana wanne wanaisukuma Probox hadi mlangoni kwangu.
Kuna aliyemfungia: waya mwembamba kama uzi wa kudarizi kofia,
na mahali pa fyuzi, kipande cha msumari.
Plastiki imeyeyuka, inanuka hadi kwa muuza mahamri.
"Ilikuwa ikipiga besi, taa zinakonyeza," akasema,
"halafu ikafa. Nilikuwa katikati ya jina."

Jina la nani?

"Bi Rukiya wa Shela. Maziko baada ya adhuhuri."

Kuchaji ni saa sita. Hakuniuliza bei.
Akakunja kanzu, akaweka kiganja kando ya mdomo,
akaingia mtaani kwa miguu.
Nilimsikia akipita nyuma ya gereji,
kisha ng'ambo ya msikiti, kisha mbali,
Bi Rukiya binti fulani, mkewe fulani, mamake fulani,
jina zima, bila kukatika,
na mimi nimeshika koleo, sikati kitu.

Jioni alirudi, sauti imekauka, anaongea kwa vidole.
Nilikuwa nimemrudishia ile yake ya zamani, wati mia mbili,
waya mnene, fyuzi ya kweli,
hasi nimeibana kwenye chuma nilichokwaruza rangi hadi kikang'aa.
Akawasha. Taa zikatulia.

Namdai mia saba.
Kila siku ni kesho, kesho inshallah,
na kila akipita mlangoni kwangu anaongeza sauti kidogo.

Kuku mmoja hugeuka.