Koki ya Gesi

Saa sita usiku, Punta Arenas. Upepo unatikisa mabati
na Lautaro yuko mlangoni pangu tena, miguu mitupu.
"Mama, gesi imefungwa?"

Zamani nilijibu. Imefungwa, mwanangu.
Mara saba, kumi na nne, ishirini na moja,
hesabu yake ilitaka saba saba,
kisha tunashuka ngazi kuigusa koki pamoja.
Nikidhani ndiyo huruma.
Kumbe nilikuwa namlisha yule anayemla.

Daktari Oyarzún alisema: usimpe jibu, kaa naye.
Rahisi kusema, mchana.

Leo nasogea, nampa nusu ya kitanda.
"Naona hofu imekuja. Na mimi nipo."
Analia. Ananiita mkatili.
Kidole chake kinahesabu mistari ya blanketi.
Nimeuma ulimi: neno moja tu lingemtuliza,
kwa dakika tano.

Dakika kumi na moja. Ishirini na nane.

Kisha, kwa sauti ya mtu aliyetua gunia njiani:
"Bado sijui kama imefungwa."
"Najua."
"Miguu imeganda."
Namfunika.

Huko chini jiko limekaa na siri yake.
Hata mimi, sasa, natamani kwenda kutazama.