Mzaliwa wa Baridi

Clive, mpanga sahani wa tanuru la tatu,
huniuliza kila Novemba, kama asomaye kalenda:
"Baridi ya hapa Burslem umeizoea?"
Nami kila Novemba humjibu: Clive,
mimi ni mtu wa Makete.
Kwetu Juni sakitu hushuka usiku,
asubuhi shamba la viazi limeungua
bila moto,
na maji ya kunawa twayavunja kwa jiwe.
Joto nimelikuta huku kwenu,
nyuzi elfu moja na mia
nyuma ya mlango wa chuma.
Hucheka. Mwakani atauliza tena.

Binti yangu Enesia anasoma nyota.
(Nikisema hivyo kanisani
kuna wanaonivuta pembeni awatazamie ndoa zao.
Sizo hizo.)
Yeye anapima mwanga.
Nyota ikififia kidogo, sehemu moja katika mia,
saa tatu hivi, kisha ikarudi,
na siku ya nne ikafifia tena,
anajua kuna kitu kimepita mbele yake:
sayari nene kama Mshtarii
imejibana kifuani mwa nyota
hata mwaka wake ukianza Jumatatu
Ijumaa hauioni.

"Swali, mama, ni moja. Imefikaje pale?"

Ilikuwa Jumapili, yeye anaosha, mimi nafuta.
Akasema karibu na nyota hakuna cha kujengea:
barafu haikai, vumbi lenyewe haba,
na jitu halilelewi kwa makombo.
Majitu huzaliwa mbali, kwenye baridi,
ambako maji ni mawe.
Jiwe hunata kwenye jiwe, likawa kiini
kizito mara kumi ya dunia hii,
ndipo likaanza kunywa gesi
bila kushusha pumzi.

Wapo wasemao ilizaliwa papo hapo.
Enesia hawakatalii,
ila hesabu zao, asema, zina njaa.
Wapo wasemao iliteleza polepole
ndani ya lile wingu bapa la gesi na vumbi
lililoizunguka nyota ingali changa,
kila mzunguko ikisogea ndani kidogo,
hadi gesi ilipokwisha
ikabaki pale ilipoishiwa.
Na wapo wasemao iligombana na nduguye.
Mmoja akatupwa gizani, hana nyota tena.
Mwingine akatupwa ndani,
kwenye njia ndefu kama yai lililovutwa,
na kila ipitapo karibu
nyota huivuta, huiminya, huikanda,
mpaka njia ikawa duara
na sayari ikazoea.

Hapo nikaacha kufuta bakuli.
Nilimwona Asheri, kaka yangu,
na jembe lake mpakani mwa shamba la marehemu baba,
mwaka wa tisini na nne.

"Mtajuaje ipi ni ipi?"

"Zilizopinda, mama.
Kuna zinazozunguka mshazari,
kuna zinazokwenda kinyume na nyota inavyojizungusha.
Iliyoteleza kwa amani ingefika imenyooka.
Hizi zimefika na kilema.
Halafu ziko peke yake. Jirani hazina."

Kiwandani sahani ikitoka imepinda
Clive huigonga kwa ukucha, huisikiliza,
huitia kwenye pipa la buluu.
Haulizi moto uliigusa upande gani.
Jana nimeliomba pipa sahani moja,
nikaifunga kwa gazeti, nikapanda nayo basi.

Enesia ameiweka mezani, ameisukuma kwa kidole.
Ikayumba. Ikayumba tena.
"Hii nzuri," akasema, "hii inasema kitu,"
akainama kuitazama ukingoni
kwa jicho moja.

Ya Asheri sikumwambia.
Alikuwa ameshika kalamu,
nikaogopa ataandika.