Chama cha Waliorudi

Tulikianzisha nyuma ya duka la mazulia la Wilf Pargeter,
watu wanane, tumekalia mazulia yaliyoviringishwa,
birika likichemka juu ya sanduku la misumari.
Jina lilitushinda wiki tatu.
Mwishowe Denzil akasema: Chama cha Waliorudi.
Hakuna aliyepinga. Lilikuwa kweli, tena fupi,
na mchapishaji alitoza kwa herufi.

Mimi wakanipa hazina, kwa kuwa jeshini nilikuwa stoo:
nilihesabu soksi, blanketi, vikombe vya bati,
na mifuko mirefu ya zipu nisiyotaka kusema ilikuwa ya nini.
Nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza:
dhamana ya mgombea, pauni mia tano.
Pikipiki ya Wilf imo humo. Pete yangu ya pili imo humo.

Denzil alikuwa mtegua mabomu.
Miaka kumi na mmoja aliidunga ardhi ya wenyewe
kwa kijiti cha chuma, shubiri kwa shubiri.
Sasa alishika mwiko wa mbao wa jikoni kwangu
wa kusukumia vipeperushi kwenye matundu ya barua,
maana mbwa wa Harsden hula vidole.
Nilimwona akifika getini, akisimama,
akikagua chini kabla hajagusa komeo,
kisha akipiga goti mlangoni pa mtu
kama aliyekuja kuomba radhi.
Nyumba elfu nne. Mvua ya Februari,
isiyonyesha wala kukatika.

Tunawashukuru kwa utumishi wenu, watu walisema,
wakafunga mlango taratibu, kwa adabu kubwa.

Mwandishi wa gazeti aliuliza kama tunataka vita.
Wilf akamjibu: Tunataka basi la saa tatu usiku lirudi.
Na daktari wa kichwa kabla ya miezi tisa.
Hakuandika.

Kura zilihesabiwa katika ukumbi wa michezo,
meza juu ya mistari ya badminton.
Haba na haba, ndiyo,
ila kibaba chetu kilikuwa na tundu.
Mafungu ya wengine yalipanda kama matofali;
letu lililala kama sahani.
Mia moja themanini na saba.
Dhamana ikaenda na maji.

Kisha msimamizi akatuita kutazama kura zenye kasoro.
Moja ina mchoro wa jogoo.
Moja imetiwa alama kwa kila mgombea,
ya mtu asiyetaka kumuudhi yeyote.
Na moja, kwa kalamu ya bluu aliyokuja nayo mwenyewe,
mwandiko wa kulala, wa shule ya zamani,
juu ya jina la chama chetu:
*Na Kieran wangu je?*

Denzil aliisoma kama anavyosoma geti.
Imeharibika, akasema msimamizi. Mnakubali?
Mawakala wa vyama vikubwa wakakubali.
Denzil akauliza kama haiwezi kuhesabiwa.
Kwa nani, bwana?
Msimamizi hakumkejeli. Alisubiri kweli jibu,
kalamu mkononi.

Saa nane usiku tulipakia maboksi matatu yaliyobaki.
Denzil alikaa mbele, mwiko magotini.
Tulipofika kwenye taa za kiwandani ndipo aliposema:
Mtaa wa Cobden, kumi na nne.
Geti lilikuwa wazi, Glenys. Wazi kabisa.
Sikuingia.

Taa ikawa kijani. Nikaendesha.
Waipa moja haifanyi kazi;
hiyo nayo imo daftarini.