Kontua za Mbatata

Darasa la sita, kila masika, nakata mbatata.
Vipande vyembamba, navilaza juu ya karatasi,
nazungusha kalamu, kikubwa kwanza, kisha kidogo,
na lile duara la mwisho, dogo kama kifungo cha shati,
nawaambia: hapa ndipo kileleni.
Miaka ishirini na miwili.
Mbatata tunazichemsha baadaye, kwa chumvi.

Mwaka mmoja Sleyum akanyoosha mkono:
“Mwalimu, mlima wewe umeuona?”
Nikasema ndiyo.
Kengele ikanisitiri.

Leo umeme umekatika Wete nzima.
Nimevaa tochi mpya kichwani, naijaribu,
ramani nimeitandaza mkekani,
pembe moja nimeikandamiza kwa mbuzi ya nazi,
nyengine kwa kikanda cha halua.

Siku ya kwanza, Mandara. Msitu, matope.
Siku ya pili, Horombo, na miti itakuwa imetuaga njiani.
Siku ya tatu, Horombo tena.
Hapa Shaame alicheka, yeye fundi wa mafriji:
“Tunalipa pesa ili tukae?”
Nikamwambia, damu huko haijui kusoma hewa,
inaanza upya, alifu kwa kijiti,
wala usiipige bakora.
Siku ya nne, Kibo, banda la mwisho,
maji ya kunywa hupanda mgongoni mwa mtu.
Saa sita usiku tunatoka.
Baada ya hapo nimeacha mstari mtupu.

Mazoezi:
bandarini hadi hospitali, mara saba, begi la mchanga.
Barazani wanauliza, “Mwalimu, wahama?”
Bi Zuwena alidhani nimeachwa.
Akanipokea begi, akaenda nalo hatua kumi, akalitua:
“Mume gani huyu, hata talaka kakupa kwa kilo?”

Time alituombea kiwanda cha barafu.
Dakika arubaini kati ya changu na nguru,
sote watatu ndani ya makoti ya mtumba wa Chake,
hatusemi, meno yanasema.
Vidole vyangu vilikufa,
vikafufuka vinanuka samaki.
Shaame akauliza, na maji ya udhu yakiganda?
Tutatayamamu. Vumbi halikosekani,
hata juu ya mawingu.

Mizigo tumeipima kwa mizani ya karafuu.
Mgumu atakayetubebea ni mwana wa mtu, asizidishiwe.
Nikatoa chupa ya chai.
Nikatoa kanga ya pili.
Nikairudisha kanga.
Zamu yangu ya upatu imeishia kwenye kiingilio cha lango,
na bado vitanda, na bado boti, na bado basi la Moshi.
Mama anaziona karatasi, hasemi kitu,
anasonga ugali kana kwamba ugali ndio uliomuudhi.

Viatu nimevipata Konde, kwa mwenye meza ya viatu.
Ana ndevu sasa, ana kitambi kidogo.
Akanivisha mwenyewe, akapiga goti,
akanifunga kamba kama mimi nilivyowafunga wao,
akabonyeza ncha kujua kidole kimefika wapi.
“Kushuka ndiko kunakoumiza,” akasema,
kisha, bila kuinua uso:
“Huko ulikokwenda zamani, mwalimu,
baridi ilikuwa hivi hivi?”

Sikuomba apunguze bei.

Kwenye ramani nalitafuta duara dogo.
Nikiweka kidole, kidole kinalifunika lote,
na theluji yake, na uongo wangu.
Nikikiondoa, lipo.

Kelele za watoto mtaa mzima: umeme umerudi.
Nazima tochi haraka.
Betri hizi zina usiku wao.