Usufi

Damari, picha yako imefika.
Umesimama mlangoni, theluji mpaka magotini,
makoti mawili na kofia ya mumeo.
Mama aliishika simu kwa mikono yote miwili, akauliza:
"Huko wamemwaga nini, chokaa?"

Umeuliza tuliimbaje mwaka huu.
Tuliimba kwa jasho, mdogo wangu.
Chuda nzima ilikuwa chungu kilichofunikwa,
kaskazi inavuma, ila inavuma moto,
na Mwalimu Sempombe, kama unavyomjua,
akachagua wimbo wenye theluji ndani.
Besi wakagoma kidogo.
Yokonia akasema, sisi na theluji wapi na wapi?
Barafu tunayoijua ni ya wauza samaki,
ile ya kupasua kwa nyundo.
Mwalimu akagonga meza: "Imba kwanza, utaelewa mbele ya safari."

Jumapili ya pili ya Majilio ngoma yetu ikapasuka.
Ngozi ilikuwa ile ile ya enzi zako.
Nikaenda Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
kwa Athumani Mwakidato, fundi magodoro,
ambaye vijana wake hupiga matari kwenye maulidi.
Akanipa mawili. "Yakilegea, yaote moto kidogo.
Na yarudi mazima."
Juu yake akaweka kifuko cha usufi:
"Si mnataka theluji? Mimi ninayo mwaka mzima,
na mwaka mzima inanitoa machozi."

Haukutosha.
Mvinje aliouleta Kolumba kutoka Raskazone
ulikuwa mrefu, kilele kikagonga dari
(aliomba tawi; alivyopata mti mzima, tusiulize).
Mama akaingia chumbani, akatoka na mto wa Bibi.
Ndiyo, ule. Wa maua ya zambarau.
Miaka sita hakuna aliyeulalia.
Akaufumua mshono kwa mshono, kwa ncha ya sindano,
kama anafungua barua asiyotaka kuichana.
Ikatoka harufu ya mafuta ya nazi, na asmini kwa mbali.
Hakusema neno. Nami sikuuliza.

Usiku wa mkesha kanisa lilijaa mpaka nje.
Watoto wa Athumani walikaa ukingoni mwa dirisha,
kulinda matari yao, walisema,
na yule mdogo alijua beti zote
kwa kusikia mazoezi kila akipita kwenda dukani.
Umeme ukakatika. Tukashangilia:
umeshika saa yake ile ile ya kila mwaka.
Nikakanyaga pedali za kinanda, goti likilalamika,
mishumaa inayeyuka hata kabla ya kuwaka vizuri,
tukafika penye neno lenyewe, theluji,
na umeme ukarudi,
na mapangaboi yote sita yakaamka pamoja.

Damari, ilinyesha.
Ilitoka kwenye mvinje, ikapanda, ikashuka
juu ya sauti ya kwanza, juu ya kipara cha mzee wa kanisa,
ndani ya kinywa cha Yokonia
kilichokuwa wazi kwa noti ndefu.
Ikanasa kwenye jasho letu, ikakataa kutoka.
Mwalimu hakusimamisha mkono. Matari hayakunyamaza.
Mama alikuwa benchi la tatu, uso ameuinua,
nywele nyeupe kuliko alivyoingia nazo.
Hakujipangusa.

Matari yalirudi Ngamiani na sinia la vitumbua,
sinia likarudi na kaimati, unajua mwenyewe,
mpaka leo hatujui ni zamu ya nani.
Na mpaka leo ninafagia usufi.
Umo kwenye vitabu vya nyimbo, umo chini ya pedali.

Kwa simu hautumiki. Nakutumia sauti tu.
Sikiliza karibu dakika ya tatu:
hiyo chafya ni ya Yokonia,
hicho kicheko ni cha watoto wa dirishani.
Na hapo baadaye, panapokuwa kimya kidogo,
pana mtu anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyelaza kichwa.
Huyo ni Mama.