Kilo Saba

Herminda ameutundika mkoba
kwenye mizani ya viazi, nyuma ya jiko.
Tisa na nusu.
Mvua ya Chiloé inagonga bati, haina haraka.

Anatoa viatu vya kanisani.
Anatoa chupa ya jamu, anairudisha, anaitoa tena:
mjukuu kazaliwa Auckland,
na usichokijua hukitamani.

Nane.

Sweta mbili atazivaa, moja juu ya nyingine,
jasho limtoke bahari nzima.
Kitabu cha sala? Sala anazo kichwani.
Picha ya marehemu ameichomoa kwenye fremu;
Rubén bila kioo hana uzito wowote,
na jinsi alivyokuwa mnene!

Saba na robo.
Anakaa kitako, anautazama mkoba
kama mtu anayedaiwa na mtoto.
Kisha anapekua mfuko wa pembeni, anatoa funguo,
nzito, za chuma,
za milango miwili na banda la kuni,
anaziangika msumarini.

Mshale unatulia.

Nani atamfungulia akirudi?
Ulises wa ng'ambo ya uzio, labda.
Au mlango wenyewe,
ambao tangu enzi za Rubén
haujawahi kufungika sawasawa.